Donge la Damu Mguuni: Yanayofuata Baada ya Miezi Mitatu ya Dawa

Mgonjwa aliyegundulika kuwa na donge la damu katika vena za ndani za mguu kwa kawaida huandikiwa dawa za kuzuia damu kuganda kwa muda usiopungua miezi mitatu. Muda huo unapokwisha, mara nyingi uvimbe umepungua na maumivu yametoweka. Hapo wengi huacha dawa bila kumwuliza mtu. Wapo pia wanaoendelea kuzimeza miaka nenda miaka rudi kwa sababu hakuna aliyewaambia waache. Kila upande una hatari yake, na hatari hizo zinaweza kupimwa. Makala haya yanamweleza mtumiaji wa huduma za afya uwezekano wa donge kurudi, uwezekano wa kufa kutokana nalo, na mambo ya kujadiliana na daktari kabla ya kuamua.

Kazi ya dawa hizi

Mitaani dawa hizi huitwa dawa za kuyeyusha damu. Jina hilo linapotosha. Heparini, warfarini na dawa mpya za jamii ya rivaroksabani na apiksabani haziyeyushi donge lililokwisha kuundwa. Kazi yake ni kulizuia lisikue na kuzuia jingine lisiundwe, ilhali mwili wenyewe hulimeng'enya donge la zamani taratibu, kwa majuma na miezi. (Dawa za kuyeyusha kweli zipo, lakini hutolewa hospitalini kwa wagonjwa walio mahututi.)

Faida ya kuzuia huko ilionekana wazi mwaka 1960, pale madaktari Barritt na Jordan wa Bristol, Uingereza, walipochapisha jaribio dogo la wagonjwa ambao donge lilikuwa limefika mapafuni. Kati ya 19 waliokosa dawa, 5 walifariki kwa donge la mapafu. Kati ya 16 waliopewa, hakufariki hata mmoja kwa sababu hiyo. Tangu hapo hakuna daktari anayemwacha mgonjwa wa aina hiyo bila dawa katika majuma ya mwanzo, isipokuwa pana kizuizi kikubwa kama vile kutokwa damu.

Kwa hiyo miezi mitatu ya kwanza ni tiba ya donge lililopo. Kila siku inayozidi hapo ni kinga dhidi ya donge lijalo. Tofauti hii ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa maana kinga hudumu kwa kadiri dawa inavyotumika tu. Watafiti wamewafuatilia wagonjwa waliotumia dawa mwaka mzima na wale waliotumia miezi mitatu, na wamekuta kwamba faida ya mwaka haikudumu baada ya dawa kuachwa. Muda mrefu zaidi uliahirisha hatari bila kuiondoa. Ndiyo sababu swali la miezi sita au mwaka mmoja kwa kawaida si swali lenye manufaa. Swali lenyewe ni kama mgonjwa aache baada ya miezi mitatu au aendelee bila kikomo, huku hali yake ikipitiwa upya kila mwaka.

Donge lako lilitokana na nini?

Jibu la swali hilo hutegemea, zaidi ya jambo lolote jingine, sababu ya donge la kwanza.

Mtu aliyefanyiwa upasuaji mkubwa wa nyonga au wa tumbo, akapata donge majuma machache baadaye, alikuwa na sababu ya wazi, na sababu hiyo imekwisha. Akiacha dawa baada ya miezi mitatu, uwezekano wa donge kurudi ni takriban mtu 1 kati ya 100 katika mwaka wa kwanza, na takriban watu 3 kati ya 100 katika miaka mitano. Kwa mgonjwa wa namna hii, kuacha dawa kwa wakati ndiyo tiba iliyo sahihi.

Wapo walio katikati: aliyefungwa plasta ngumu mguuni, aliyelala kitandani kwa maradhi makali, mama aliyejifungua karibuni, mwanamke aliyekuwa akitumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, msafiri aliyekaa kitini saa nyingi. Sababu hizi ni dhaifu kuliko upasuaji, na hatari ya kurudi ni kubwa zaidi kidogo. Hata hivyo wengi wao huweza kuacha dawa. Mwanamke aliyepata donge akiwa anatumia vidonge vyenye estrojeni asivirudie tena. Amweleze mtoa huduma ya uzazi wa mpango historia yake, kwa kuwa zipo njia zisizo na homoni hiyo, kitanzi cha shaba kikiwa mojawapo.

Kundi linalohitaji mazungumzo marefu ni la wale ambao donge liliwajia bila sababu inayoonekana. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, ulijumlisha tafiti 18 zenye wagonjwa zaidi ya 7,500 wa namna hiyo, wote wakiwa wametumia dawa angalau miezi mitatu kisha wakaacha. Katika mwaka wa kwanza donge liliwarudia takriban watu 10 kati ya kila 100. Kufikia mwaka wa pili walikuwa 16, mwaka wa tano 25, na mwaka wa kumi 36. Wanaume waliathirika zaidi: katika miaka kumi donge liliwarudia 41 kati ya 100, na wanawake 29.

Takwimu hizi zinaonyesha mambo mawili. Hatari ni kubwa zaidi mwanzoni na hupungua kadiri miaka inavyopita. Lakini haifiki sifuri. Mtu aliyekaa salama miaka sita bado anaweza kurudiwa katika mwaka wa saba. Kwa upande mwingine, hata baada ya miaka kumi, zaidi ya nusu ya watu hao hawakurudiwa na donge hata mara moja. Anayeambiwa kwamba ni lazima litarudi anadanganywa, sawa na anayeambiwa kwamba amepona kabisa.

Mahali donge lilipokuwa pia ni jambo la kuzingatia. Lililo kwenye vena za paja au nyonga huwa na uwezekano mkubwa wa kurudi na wa kwenda mapafuni kuliko lililo chini ya goti peke yake. Omba nakala ya majibu ya ultrasaundi na uhakikishe mahali hapo pametajwa.

Saratani iko katika kundi lake peke yake. Maadamu ugonjwa huo bado unaendelea au unatibiwa, damu huwa na mwelekeo wa kuganda, na dawa kwa kawaida huendelea. Watu wanaoishi na VVU, wagonjwa wa kifua kikuu na wenye selimundu nao hupata madonge zaidi kuliko wengine. Hali zao zitajwe mapema, hasa kwa sababu ya mwingiliano wa dawa unaoelezwa hapa chini.

Hapa panafaa neno moja juu ya vipimo vya kurithi, kwa kuwa ni ghali na hupendekezwa mara nyingi. Hitilafu ya kurithi inayojulikana sana Ulaya, iitwayo faktari V Leiden, ni adimu kwa watu wenye asili ya Afrika. Tena, majibu ya vipimo vya kurithi mara nyingi hayabadilishi uamuzi, kwa kuwa historia ya mgonjwa humweleza daktari zaidi. Kabla ya kulipa, uliza: majibu haya yakiwa hivi au vile, matibabu yangu yatabadilika? Kipimo kimoja chenye uzito zaidi, ambacho hakihusu kurithi, ni cha kingamwili za antifosfolipidi. Baadhi ya wenye kingamwili hizo hawafai kutumia dawa mpya na huwekwa kwenye warfarini.

Kuhusu kufa

Watu wengi huogopa kuliuliza swali hili, na watoa huduma wengi hulikwepa. Katika uchambuzi uliotajwa wa mwaka 2019, kati ya kila watu 100 waliorudiwa na donge, takriban 4 walifariki kutokana nalo. Njia ya kifo ni moja: kipande hukatika kutoka mguuni, hupita moyoni na kuziba mishipa ya mapafu. Mtu ambaye mara ya kwanza alipata donge la mguu tu, likirudi huwa mara nyingi ni mguuni tena. Aliyepata la mapafu mara ya kwanza ana uwezekano wa takriban mara tatu zaidi kwamba safari ya pili nayo itakuwa mapafuni. Kwa hiyo historia ya donge la mapafu huongeza uzito upande wa kuendelea na dawa.

Vifo vya jumla ni habari nyingine. Nchini Denmark, ambako kumbukumbu za hospitali za nchi nzima huhifadhiwa, watafiti waliwafuatilia wagonjwa takriban 128,000 kwa hadi miaka 30 na kuchapisha matokeo mwaka 2014. Katika siku 30 za kwanza, walifariki 3 kati ya 100 waliokuwa na donge la mguu, na 31 kati ya 100 waliokuwa na donge la mapafu. Padua, nchini Italia, wagonjwa 355 wa donge la mguu walifuatiliwa kwa miaka minane katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996. Waliokuwa hai mwishoni walikuwa takriban 70 kati ya 100. Idadi hiyo inatisha isipofafanuliwa. Wengi wa wagonjwa hao walikuwa wazee au walikuwa na maradhi mengine, na jambo lililoongeza hatari ya kufa kuliko yote lilikuwa saratani. Donge mara nyingine huwa dalili ya ugonjwa mwingine uliojificha. Mtu aliyepata donge bila sababu, kisha akaanza kukonda, kutokwa damu isiyo ya kawaida au kuhisi uvimbe mahali popote, asisubiri tarehe ya kliniki.

Kuendelea na dawa nako kuna bei

Kama dawa zingekuwa hazina madhara, kila mtu angeendelea nazo na makala haya yasingehitajika. Madhara makubwa ni kutokwa damu, na si ya kufunga kwa kitambaa tu, bali damu ya tumboni au ya ubongoni. Katika tafiti za wagonjwa waliotumia dawa kwa muda mrefu, damu nyingi iliwatoka takriban watu 17 kati ya 1,000 kila mwaka kwa warfarini, na takriban 11 kati ya 1,000 kwa dawa mpya. Kati ya kila 100 waliotokwa damu kiasi hicho, 8 hadi 10 walifariki. Yaani tukio moja la damu nyingi lina uwezekano wa kuua mara mbili ya tukio moja la donge kurudi.

Sasa tuweke pande zote mbili kwenye mizani. Tuchukue watu 1,000 waliopata donge bila sababu. Wakiacha dawa, 100 hivi watarudiwa katika mwaka wa kwanza na takriban 4 watafariki. Wakiendelea na warfarini, wachache sana watarudiwa na donge, 17 hivi watatokwa damu nyingi, na mmoja au wawili watafariki kwa damu hiyo. Hapa mizani inaegemea kuendelea. Tuchukue sasa watu 1,000 ambao donge lilifuata upasuaji. Wakiacha, 10 hivi watarudiwa, na huenda hakuna atakayefariki. Wakiendelea, damu itawatoka watu wengi kuliko hao ambao donge lingewarudia. Hapa kuendelea ni kujidhuru kwa fedha zako mwenyewe.

Hesabu hii ni ya wastani, na wewe si wastani. Umri wa zaidi ya miaka 65, ugonjwa wa figo au ini, upungufu wa damu, vidonda vya tumbo, historia ya kutokwa damu na matumizi ya aspirini huongeza uzito upande wa kuacha. Tena tafiti hizo zilifanywa kwa wagonjwa waliosimamiwa kwa karibu. Mtu anayetumia warfarini bila kupimwa INR hayumo katika hesabu hiyo; hatari yake ni kubwa kuliko tulivyoonyesha. Kipimo hicho kwa kawaida hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Chini ya 2 kinga ni hafifu, na kadiri kinavyopanda juu ya 3 hatari ya kutokwa damu huongezeka.

Kwa sababu hiyo, unapolinganisha bei, usiangalie bei ya kidonge peke yake. Kidonge cha warfarini ni nafuu, lakini nauli ya kwenda kliniki, gharama ya kipimo na siku ya kazi iliyopotea ni sehemu ya bei yake. Dawa mpya hazihitaji kipimo hicho, ingawa figo zipimwe kabla ya kuanza na mara kwa mara baadaye. Uliza pia juu ya dozi ndogo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2013, wagonjwa waliokwisha kutibiwa miezi 6 hadi 12 walipewa apiksabani ya miligramu 2.5 mara mbili kwa siku au kidonge kisicho na dawa. Katika mwaka mmoja, donge lilirudi au kuua kwa takriban watu 9 kati ya 100 waliopata kidonge kisicho na dawa, na chini ya 2 kati ya 100 waliopata dozi hiyo, bila ongezeko la damu nyingi kutoka. Asiyeweza kupata lolote kati ya haya anaweza kuzungumza na daktari juu ya aspirini, ambayo hupunguza hatari kwa takriban theluthi moja. Hiyo ni afadhali kuliko kutotumia chochote, lakini isichukuliwe kuwa badala iliyo sawa.

Usianze dawa usiyoweza kuimudu mfululizo. Dawa mpya hutoka mwilini haraka, na siku mbili za kukosa vidonge ni siku mbili zisizo na kinga. Rivaroksabani ya miligramu 15 au 20 imezwe pamoja na chakula, la sivyo sehemu yake haifyonzwi.

Dukani na jikoni

Madhara mengi huanzia kwenye duka la dawa, pale mtu anaponunua kidonge cha mgongo bila kutaja anachomeza nyumbani. Diklofenaki na ibuprofeni huongeza hatari ya kutokwa damu kwa dawa zote za kundi hili. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli kwa dozi yake sahihi ni salama zaidi. Metronidazoli na ko-trimoksazoli, ambazo wengi huzijua kwa majina ya Flagyl na Septrin, hupandisha nguvu ya warfarini. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: huishusha mno nguvu ya warfarini na ya dawa mpya, hata mgonjwa akabaki kana kwamba hamezi kitu. Baadhi ya dawa za kufubaza VVU nazo zina mwingiliano. Mitishamba isiyojulikana viambato vyake haifai kuchanganywa na dawa hizi. Epuka sindano za msuli, na mjulishe daktari wa meno kabla ya kung'oa jino.

Mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini K nyingi, inayopunguza nguvu ya warfarini. Hakuna haja ya kuviacha. Kinachotakiwa ni kula kwa kiasi kisichobadilikabadilika, ili INR isiyumbe. Wanaotumia dawa mpya hawahusiki na tahadhari hii.

Mwanamke anayetarajia kushika mimba amwone daktari kabla, kwa kuwa warfarini inaweza kumlemaza mtoto aliye tumboni na dawa mpya hazishauriwi. Heparini ya sindano haivuki kondo la nyuma, nayo ndiyo hutumika. Aliyewahi kupata donge yumo hatarini zaidi wakati wa ujauzito na katika majuma sita baada ya kujifungua.

Mguu wenyewe

Hata donge lisiporudi, mguu unaweza kubaki na uzito, uvimbe wa jioni, ngozi nyeusi na, kwa wachache, kidonda kisichopona. Katika utafiti wa Padua hali hiyo iliwapata takriban 23 kati ya 100 katika miaka miwili. Soksi za kubana huuzwa kwa ahadi ya kuizuia. Jaribio kubwa lililofanyika Kanada na Marekani na kuchapishwa mwaka 2014 halikuthibitisha ahadi hiyo. Soksi zinaweza kupunguza uzito na uvimbe wa siku, na anayepata nafuu azivae; asiyepata nafuu hana sababu ya kununua jozi ya pili. Mwenye mzunguko hafifu wa damu katika ateri za miguu asizivae bila kupimwa.

Likirudi, utalijuaje?

Mguu mmoja kuvimba ghafla, kuuma na kupata joto ni sababu ya kwenda kupimwa siku hiyohiyo. Katika jamii zetu uvimbe wa mguu mmoja huhesabiwa kuwa matende, au mtu huambiwa amekanyaga kitu kibaya, na siku hupotea kwa kuchuliwa. Mguu unaoshukiwa kuwa na donge usichuliwe. Pumzi kukatika ghafla, kifua kuchoma unapovuta hewa, kukohoa damu au kuzimia ni dharura, na mgonjwa afikishwe hospitali mara moja, hata kama mguu hauna dalili yoyote. Kwa anayetumia dawa, choo cheusi kama lami, matapishi yenye damu, na kichwa kuuma vikali baada ya kuanguka ni dharura vilevile.

Siku ya kuacha dawa, iwapo uamuzi ni huo, mwombe daktari ultrasaundi ya mguu na uitunze nakala yake. Vena iliyowahi kuziba mara nyingi hubaki na kovu, na miaka mitatu baadaye mpimaji asiyejua ilivyokuwa anaweza kuliona kovu hilo akadhani ni donge jipya, ukarudishwa kwenye dawa usizozihitaji. Pamoja na nakala hiyo, andika tarehe ya donge, sababu yake kama ilijulikana, jina na dozi ya dawa, tarehe ya kuanza na ya kuacha. Karatasi hiyo iende nawe kila unapolazwa, unapofanyiwa upasuaji, na unapohudhuria kliniki ya wajawazito.

Katika safari inayozidi saa nne, iwe ya ndege au ya basi, hatari ya donge huongezeka takriban mara mbili kwa watu wote. Aliyewahi kulipata amwulize daktari mapema iwapo anahitaji kinga ya muda kwa safari hiyo, na basi linaposimama kwa chakula, ashuke atembee.